Somo la Tisa: Uliza Kabla ya Kulipa Ada

Somo hili limepigwa chapa kama lilivyosemwa, ili mlisome polepole, mrudie palipo pagumu, na mlizungumze katika vikundi vyenu.

Katika somo la nane tulijifunza kuandika daftari la mapato na matumizi ya nyumbani. Leo twageukia jambo ambalo katika nyumba nyingi humeza fedha kuliko mengine yote, nalo ni kumtafutia kijana njia ya kazi. Somo hili lamhusu kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita. Lamhusu aliyetoka chuoni na bado hana kazi. Tena lamhusu sana baba na mama wanaolipa ada.

Swali ninaloulizwa mara nyingi katika kazi yangu ni hili: "Bwana Elimu, siku hizi kazi gani ni nzuri?" Ndugu zangu, swali hili halina jawabu. Ni kama mtu aingiaye katika duka la dawa na kuuliza, "Dawa gani ni nzuri?" Mwuza dawa hawezi kumjibu mpaka ajue mgonjwa ni nani, anaumwa nini, na ana umri gani. Dawa inayomponya mmoja yaweza kumdhuru mwingine. Kadhalika kazi.

Kwa hiyo leo sitawapa orodha ya kazi nzuri. Nitawapa maswali manne ya kuuliza juu ya kazi yo yote ile, kabla ya kutoa shilingi moja mfukoni. Lakini kwanza yafaa niwaeleze jinsi nilivyojifunza maswali haya, kwa maana sikuyajifunza darasani.

Mwaka 2015 mdogo wangu alifanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yake hayakuwa mabaya sana, walakini hayakutosha kumpeleka kidato cha tano. Basi akaja mtu mmoja kijijini kwetu na karatasi za chuo fulani cha mjini, zenye picha za rangi. Akasema kwamba kijana akisoma kozi ya forodha na kompyuta kwa mwaka mmoja atapata kazi bandarini. Mama alikuwa na ng'ombe watatu. Akauza wawili. Mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha kuajiriwa katika idara ya elimu. Nilimpa mdogo wangu nauli na shati jeupe. Swali sikumwuliza hata moja. Niliona haya kumvunja mama moyo katika siku yake ya furaha.

Mwaka ukaisha. Kijana akapewa cheti kizuri chenye muhuri mwekundu. Akakipeleka ofisi moja, kikarudishwa. Akakipeleka chuo kingine ili aombe nafasi ya stashahada. Jioni ile akanipigia simu, akasema, "Kaka, wameniuliza namba ya usajili wa chuo. Namba hiyo ni nini?"

Nikatafuta jina la chuo kile katika orodha ya vyuo vilivyosajiliwa. Halikuwamo. Kazi ile ya kutafuta haikunichukua hata robo saa. Kama ningalitumia robo saa ile mwaka mmoja mapema, ng'ombe wa mama wangalikuwa zizini.

Basi sasa tuyatazame maswali yetu manne, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: Mtu wa kazi hii hufanya nini kutwa?

Wengi wetu twachagua jina la kazi, hatuchagui kazi. Twapenda jina la "daktari", "mhasibu", "mhandisi", lakini hatujui mwenye jina hilo aamkapo asubuhi hushika nini mpaka jioni. Mwuguzi husimama saa nyingi, tena hufanya zamu za usiku wakati wengine wamelala. Mpima ardhi hutembea juani na porini, na huenda akakaa mbali na nyumbani kwa majuma mengi. Mhasibu wa serikali hukaa na tarakimu, na mwezi wa Juni ukifika hana nafasi ya kupumua, kwa sababu mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Afisa ugani hushinda juu ya pikipiki, toka kijiji hata kijiji. Seremala huvuta vumbi la mbao, na mgongo wake wajua uzito wa mninga.

Sisemi haya ili niwatishe. Kila kazi ina jasho lake. Bali yafaa kijana alijue jasho hilo kabla, aseme, "Hili naliweza." Njia ya kujua ni rahisi, wala haina ada. Mtafute mtu mmoja afanyaye kazi hiyo, umwombe ukae naye siku moja au mbili. Mwulize: Sehemu gani ya kazi hii inakuchosha? Wenzako wanaoiacha huiacha kwa sababu gani? Kama ungerudi kuwa kijana, ungeichagua tena? Wahenga walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hapa pana neno moja kwa kijana mwenye kipaji, aogopaye kwamba kazi ya mshahara itakiua. Shaaban Robert, ambaye sisi sote twasoma vitabu vyake, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926 na akaendelea nayo mpaka mwaka 1944. Forodha ilimlisha, naye akaandika. Si lazima kila unachokipenda kikulipe tangu siku ya kwanza. Yatosha kwanza upate kazi inayokuachia nafasi ya kukifanya.

Swali la pili: Njia ya kufika ina hatua ngapi, na mlango wake unatambuliwa?

Wazazi wengi hudhani kwamba shahada ndiyo mwisho wa njia. Kwa kazi nyingi sivyo. Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka 5, kisha hufanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka 1 chini ya usimamizi, ndipo apate kusajiliwa kikamilifu. Aliyepata shahada ya sheria bado si wakili. Kwa kawaida hana budi kupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mhandisi aliyemaliza miaka 4 ya chuo huhitaji kufanya kazi chini ya wahandisi wazoefu, na mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa wahitimu ni wa miaka 3. Mhasibu atakaye kuitwa mhasibu kamili hukabili mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Hata fundi umeme anayetandika nyaya majumbani hutakiwa awe na leseni ya EWURA.

Basi andika hatua zote katika karatasi, toka hapo ulipo mpaka siku ya kwanza ya kazi. Kando ya kila hatua andika miaka. Jumlisha. Ukiona jumla ni miaka 8, usikate tamaa, walakini usiseme tena kwamba ni miaka 4.

Tena angalia kwamba milango mingine hufungwa mapema. Anayechagua tahasusi ya historia, jiografia na Kiswahili katika kidato cha tano hawezi baadaye kuomba udaktari, kwa sababu udaktari wataka fizikia, kemia na baiolojia. Kwa hiyo tahasusi isichaguliwe kwa kumfuata rafiki.

Sasa juu ya mlango wenyewe. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Vyuo vya ufundi na ufundi stadi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Orodha za vyuo na kozi zimo katika tovuti zao na katika vitabu vyao vya mwongozo. Asiye na simu yenye intaneti na amwombe mwalimu wa shule iliyo karibu, au afike ofisi ya elimu ya wilaya. Usitosheke kusikia kwamba chuo kimesajiliwa, bali uliza kama na kozi yenyewe unayoitaka inatambuliwa. Chuo chaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha kozi moja, kisha kikaongeza nyingine isiyo na ruhusa. Na mtu akikuhimiza ulipe leo ati nafasi zinakwisha, hiyo ndiyo sababu ya kungoja mpaka kesho.

Swali la tatu: Nani atalipa, na nani atanilipa?

Swali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni ada. Fungueni daftari lenu la somo la nane. Andikeni ada, chakula, pango, nauli na vifaa, kwa miaka yote na si kwa muhula wa kwanza tu. Vijana wengi huacha chuo katika mwaka wa pili, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu nyumba ilihesabu mwaka mmoja.

Iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye uhitaji, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imewakopesha pia wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada. Lakini kumbukeni kwamba huu ni mkopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Tuchukue mfano. Mshahara wa msingi ukiwa shilingi 600,000, makato ya mkopo ni shilingi 90,000. Si jambo baya, maana fedha hiyo humsomesha mwingine. Lakini kijana na ahesabu mshahara wake akiwa amekwisha kuondoa makato hayo.

Upande wa pili ni mwajiri. Kazi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Haifai kijana akae nyumbani miaka mitatu akingoja tangazo moja. Jiulize: Katika wilaya yangu, nani mwingine anahitaji ujuzi huu? Shule za watu binafsi? Hospitali za mashirika ya dini? Vyama vya ushirika? Wajenzi? Au nitajiajiri mwenyewe? Kama utajiajiri, andika bei ya vifaa. Seremala bila randa, msumeno na patasi ni mtu mwenye cheti tu. Kwa vijana walio katika vikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii itakueleza masharti.

Swali la nne: Nikianzia chini, njia hii inaendelea mpaka wapi?

Hapa ndipo wazazi hukosea zaidi. Mtoto akipelekwa kusoma ufundi, majirani husema, "Maskini, ameshindwa." Desturi hii ni ya zamani. Wakati wa ukoloni karani alivaa nguo safi na kupata mshahara wa uhakika, na mwenye jembe au nyundo alipata jasho tu. Tukajifunza kuheshimu kalamu na kuudharau mkono.

Lakini tazameni historia. Chuo cha Makerere, kilichosomesha viongozi wengi wa Afrika ya Mashariki, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi ya vijana 14, waliosoma useremala, ujenzi na umekanika. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1957 kwa kufundisha mafundi. Chuo cha Ufundi cha Mbeya, kilichoanza mwaka 1986, kimekuwa chuo kikuu tangu mwaka 2012. Kama vyuo hivyo vilianza na nyundo vikapanda, kwa nini mtu asipande?

Na ngazi ya kupandia ipo. Mfumo wetu wa tuzo una ngazi 10. Ngazi ya 1 mpaka ya 3 ni za ufundi stadi, zinazofundishwa na VETA na vyuo vingine. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za astashahada. Ya 6 ni stashahada, ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada, ya 9 uzamili, na ya 10 uzamivu. Mwenye cheti cha kidato cha nne aliyemaliza ngazi ya 3 aweza kuomba kuendelea na ya 4, na mwenye stashahada aweza kuomba shahada, mradi atimize masharti ya kozi anayoitaka. Njia hii ni ndefu kuliko ya kidato cha sita, lakini ina faida moja: kila kituo kina ujuzi wa kuuza. Anayeishia njiani hashuki mikono mitupu.

Wala msidhani kwamba kufanya kazi kwanza ni kupoteza wakati. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Agizo hilo lililegezwa baadaye, lakini fikira iliyokuwa ndani yake bado ina maana. Aliyekwisha kufanya kazi hujua anachokwenda kukisomea.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Baada ya kukaa nyumbani miezi sita akiwa na haya ya kuonana na watu, alikwenda kwa seremala mmoja mtaani, akaomba afagie karakana. Mwaka wa kwanza alifagia na kupiga msasa. Mwaka wa pili akashika randa. Mwaka wa tatu akatengeneza kitanda peke yake, toka ubao mpaka rangi. Bandu bandu huisha gogo. Kisha akasikia kwamba VETA inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kwa vitendo, huonyeshwa upungufu wake, na akifaulu hupewa cheti. Akapimwa, akafaulu. Cheti hicho hakina muhuri mwekundu, lakini kina namba, na namba hiyo inajulikana.

Sitawaambia kwamba sasa ni tajiri. Analipa pango, anakula, na mwezi ukiwa mzuri humtumia mama kitu. Ng'ombe wale wawili hawajarudi. Miaka yake haikurudi pia, na hiyo ndiyo inayoniuma, maana ndugu yake mwenye elimu alikuwa karibu na hakufumbua kinywa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Wewe kijana, usione haya kuuliza. Ninyi wazazi, msimchagulie mtoto kazi kwa ajili ya jina litakalotajwa harusini. Wala msidhani kwamba binti ni wa ushonaji tu na mvulana ni wa magari tu, kwani nyaya za umeme hazijui nani amezishika. Na wewe uliyesoma katika ukoo wenu, ukiona kijana anafungiwa mizigo kwenda chuoni, usimpe nauli tu. Mpe na robo saa yako.

Mama yangu hakusoma sana. Lakini juzijuzi amekuja kijijini mtu mwingine na karatasi za rangi, akitafuta wanafunzi. Mama akamkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza, "Mwanangu, namba yenu ya usajili ni ngapi?" Yule mtu akasema ameisahau mjini, atarudi nayo kesho. Mpaka leo mama anamngoja.

Kazi ya kufanya katika kikundi kabla ya somo la kumi:

1. Kila mmoja ataje kazi moja aliyoitamani utotoni, na aseme mtu wa kazi hiyo hufanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Wenzake wasahihishe.

2. Chagueni kijana mmoja wa kikundi au wa jirani. Andikeni hatua zote za kazi anayoitaka, miaka ya kila hatua, na gharama yake.

3. Tafuteni chuo kimoja kilicho karibu nanyi katika orodha ya NACTVET au ya TCU. Je, kimo? Kozi zake zinatambuliwa?

4. Methali yasema: Mchagua jembe si mkulima. Je, methali hii yamkataza kijana kuchagua kazi, au yamkataza kukaa bure akichagua? Zungumzeni, kisha mwandike jawabu lenu.

Katika somo la kumi tutajifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Kila mmoja aje na karatasi na kalamu. Mpaka hapo, kwaherini ya kuonana.